Nyumba na Daftari: Habari za Familia Zetu na Serikali ya Mahali

Kwa Jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Vijitabu vya ukumbusho kama hiki aghalabu hujaa habari za misikiti, vyuo na masheikh waliotutangulia, na hayo yote yanastahili kukumbukwa. Lakini iko habari moja ambayo huachwa nje, nayo ni habari ya nyumba zenyewe: mume na mke, watoto, wajane na mayatima, na namna serikali iliyo karibu nao ilivyowajua, au isivyowajua. Tumeona yafaa ielezwe hapa kwa ajili ya watu wa Nyamugari katika Gitega na ndugu zetu wa Muyinga, kwa kuwa mambo mengi yanayotusumbua leo tufikapo katika ofisi ya komini yana chanzo chake huko nyuma.

MJI NA WATU WAKE

Mji wa Gitega, ambao zamani uliandikwa Kitega, si mji wa kale sana. Wadachi walijenga boma lao la kwanza la nchi hii Usumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Kabla yao Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, alijaribu kuingia Urundi kwa nguvu, akazuiwa na watu wa Mwami Mwezi Gisabo. Kwa hiyo Uislamu haukuingia katika vilima hivi kwa upanga. Uliingia pamoja na biashara, na pamoja na boma. Mwaka 1912 Wadachi walihamisha makao ya Rezidenti wao kutoka Usumbura kwenda Gitega, katikati ya nchi, na boma lilipohama walihama nalo watu wake: askari, makarani, wapagazi, wachuuzi, mafundi. Kati yao walikuwamo watu wa Ujiji, wa Unyamwezi, wa Umanyema na wa pwani. Na Warundi waliosilimu wakaingia katika jamaa hiyo, wakaitwa nao Waswahili. Katika Gitega mtaa wao ukawa Nyamugari. Muyinga nayo, iliyo katika njia ya kwenda Kobero na Ngara, ikapata Waislamu wake kwa biashara ya mpakani.

Watu hao walioa na kuolewa, wakazaa, wakajenga. Lakini katika jambo la kutambuliwa walikuwa na hali tofauti na jirani zao wa vilimani, na tofauti hiyo ndiyo mwanzo wa habari yetu.

Familia ya Kirundi kilimani ilikuwa na mashahidi wake. Inkwano, yaani mahari, ilitolewa mbele ya watu. Mipaka ya shamba ilijulikana. Na kukizuka ugomvi wa mke na mume, au wa ndugu juu ya urithi, walikuwako bashingantahe, wazee waliotawazwa kwa uadilifu wao. Mzee huyo hakutawazwa peke yake, kwani mkewe alisimama pamoja naye siku hiyo, ikawa heshima ni ya nyumba nzima. Basi mtu wa kilimani, hata asiyejua kusoma, hakukosa watu wa kusema mbele ya baraza: "Tunamjua huyu, ni mke wa fulani, na hawa ni watoto wake."

Mswahili wa mjini hakuwa na kilima. Ndoa yake ilifungwa na sheikh, kwa walii na mashahidi wawili na mahari, kama sheria ya dini itakavyo. Mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya jirani ilikuwa ndoa kamili. Lakini ushahidi wake ulikaa vifuani mwa watu wachache, na watu hao walikuwa wasafiri: leo wako Gitega, kesho Usumbura, keshokutwa Ujiji au Kigoma. Shahidi akihama au akifa, ushahidi ulikwenda naye.

DAFTARI LA KODI

Wabelgiji walipoiteka nchi mwaka 1916, na baadaye wakaitawala kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, walikuta watu hawa wa mijini wakawa na shida ya kujua wawaweke wapi. Kilimani walitawala kwa njia ya machifu. Mjini wakapanga mitaa ya Waafrika iliyohesabiwa kuwa nje ya mila, isiyokuwa chini ya chifu yeyote. Mashuhuri kati yake ni Buyenzi ya Usumbura. Waswahili wakawa watu wa mji, wenye mkuu wao na baraza lao, lakini wamekatwa na bashingantahe wa jirani zao.

Serikali ya siku zile ilizihesabu familia sana, na katika daftari la kodi hasa. Mwanamume alilipa kodi ya kichwa, na mwenye wake zaidi ya mmoja alitozwa kodi ya ziada kwa ajili yao. Tafakari jambo hili, msomaji mwema. Mke wa pili alijulikana na serikali siku ya kulipa. Siku mumewe alipofariki, naye akasimama na watoto wake kuomba haki, daftari lile la kodi halikuwa hati ya ndoa wala halikumpa neno la kusema. Wazee wetu wengi walijifunza hapo kwamba kuandikwa ni hasara, na kwamba karani akija na kalamu, heri watu wachache wawepo nyumbani. Tabia hiyo haikufa pamoja na utawala ule. Iko hata leo kwa baadhi yetu, na hatuwezi kuilaumu bila kukumbuka ilikotoka.

Katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji yalianza mabadiliko. Amri ya tarehe 14 Julai 1952 iliweka mabaraza ya ushauri katika ngazi za machifu na wilaya, na mwaka 1960 uchaguzi wa komini ukafanywa katika nchi nzima. Tangu hapo komini ikawa ndiyo serikali ya jirani, na uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962 ilibaki vivyo hivyo.

SHERIA MOJA KWA WOTE

Hata hivyo komini ilipata nguvu kamili juu ya mambo ya nyumba ilipotoka Sheria ya Watu na Familia mwaka 1980, wakati wa Rais Jean-Baptiste Bagaza. Nayo ikarekebishwa tarehe 28 Aprili 1993. Sheria hiyo iliweka mlango mmoja kwa watu wote, wa kilimani na wa mjini, Wakristo na Waislamu. Ndoa inayotambuliwa na dola ni ile inayofungwa mbele ya mwandishi wa serikali katika komini. Mwanamume awe ametimiza miaka 21, mwanamke miaka 18. Mume awe na mke mmoja. Talaka haitolewi kwa tamko la mume, bali hukatwa na mahakama.

Kwa upande mmoja sheria hii ilikuwa na kheri ambayo mtu mwadilifu hawezi kuikana. Mwanamke aliyefunga ndoa komini hawezi kufukuzwa nyumbani kwa neno moja la hasira, na jina lake liko katika kitabu ambacho jirani wala shemeji hawezi kukifuta. Kwa upande mwingine iliwaacha nje watu wengi waliokwisha kuoana kwa haki ya dini yao: mke wa pili, na hata mke wa kwanza na wa pekee ambaye yeye na mumewe waliona nikahi yatosha wasifike komini. Kwa sheria, wote hao wakawa kama watu wasiooana.

Tuangalie jirani zetu walivyolitatua jambo hilo hilo, kwani Waswahili wa Urundi si wa pekee. Katika Kenya na Uganda serikali ya Kiingereza ilitunga sheria mwaka 1906 za kuandikisha ndoa na talaka za Kiislamu, na sheikh akawa ndiye anayeshika kitabu. Katika Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliikubali ndoa ya Kiislamu kuwa ndoa ya dola, ikaruhusu viongozi wa dini waliopewa leseni kuifungisha na kuiandikisha. Kwa hiyo binti wa Kigoma na binti wa Nyamugari, walio wajukuu wa babu mmoja wa Ujiji, waweza kuolewa juma moja kwa khutba ile ile na mahari yale yale. Wa Kigoma akatoka msikitini na cheti kinachojulikana mahakamani, na wa Nyamugari akatoka na dua za watu, ikabidi afunge safari ya pili kwenda komini. Hatusemi haya ili tuvunje sheria ya nchi yetu. Twasema ili ijulikane kwamba safari hiyo ya pili ni ya lazima hapa petu, na asiyeifunga huwaachia wanawe deni.

HATI ZILIZOPOTEA

Misiba ya nchi iliongeza ugumu. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwakimbiza watu wengi kwenda Tanzania. Baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 vita viliwakimbiza wengine wengi zaidi, na hapo njia ya Muyinga na Kobero ikajulikana sana kwa miguu ya watu. Mkimbizi aliondoka na mtoto mgongoni na sufuria mkononi, na mara nyingi hati ilibaki nyumbani ikaungua pamoja na nyumba. Huko kambini watu walioana, wakazaa, wakazika. Waliporudi walikuwa familia kamili, lakini zilizoandikwa kwingine au zisizoandikwa kabisa. Mwenye ndoa ya kambini, mwenye mtoto aliyezaliwa ugenini, mjane aliyemzika mumewe bila cheti cha kifo, hao wote hufika mbele ya karani na kuulizwa karatasi.

Jambo la mjane ndilo zito kuliko yote. Urithi katika Burundi, kwa mashamba hasa, umeachiwa mila na hukumu za mahakama, bila sheria kamili ya maandishi. Palipo na mila peke yake, anayesikilizwa ni yule mwenye ndugu wengi wa kumsemea. Mjane mwenye cheti cha ndoa ana jambo la kuweka mezani. Asiye nacho hutegemea huruma ya mashemeji, na huruma ni njema lakini hubadilika kadiri bei ya ardhi inavyopanda.

MSAADA HUFUATA JINA

Sasa tuje katika zama ambazo serikali ilianza kuitazama familia kwa nia ya kuisaidia. Mwaka 1984 ilianzishwa kadi ya matibabu iliyouzwa na komini. Kadi hiyo haikuwa ya mtu mmoja mmoja. Ilikuwa ya nyumba nzima, mume, mke na watoto wao wadogo. Baada ya kulegea kwa miaka mingi ilifufuliwa mwaka 2012 kwa faranga 3,000 kwa mwaka, ikachukua asilimia 80 ya gharama katika vituo vya afya vya serikali. Mwaka 2005 ada ya shule ya msingi iliondolewa. Tarehe 1 Mei 2006 yakatangazwa matibabu bila malipo kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa mama wanaojifungua. Na tangu mwaka 2018 mpango uitwao Merankabandi uligawa fedha katika mikoa ya Gitega, Karusi, Kirundo na Ruyigi, kwa kaya maskini zipatazo 56,000: faranga 20,000 kwa mwezi, zikalipwa kila miezi miwili kwa njia ya simu, na mpokeaji akawa mama wa nyumba.

Yote hayo ni mema, nayo yote yana sharti moja lisilosemwa kwa sauti: lazima jina liwepo. Matibabu ya bure ya mtoto hutaka ijulikane kwamba mtoto huyu ni nani na ana miaka mingapi. Fedha ya mama hutaka karangamuntu ya mama. Kadi ya nyumba hutaka nyumba inayojulikana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa twaona kwamba hata sadaka ya serikali isiyokutana na daftari hupita mlangoni bila kubisha.

MWAKA 2017

Mwezi wa Mei 2017 serikali ilitoa amri iliyotikisa nchi. Watu wote wanaoishi pamoja bila ndoa ya sheria walitakiwa wafunge ndoa kabla mwaka haujaisha. Kazi ya kutekeleza waliachiwa watawala wa mahali. Wakuu wa vilima walihesabu nyumba, na ofisi za komini zikafungisha ndoa kwa makundi. Zilitajwa faini za faranga 50,000, na kukatazwa shule ya bure na matibabu ya bure kwa watoto wa wasiotii.

Katika jambo hili yapo mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba komini, ikitaka, yaweza kufungisha ndoa nyingi kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo, na wengi waliokuwa wamechelewa kwa sababu ya umaskini wa sherehe na mahari walipata cheti chao. Hiyo ni kheri. La pili ni kwamba tishio lilipoelekezwa kwa mtoto, liliangukia mtu asiye na kosa. Mtoto hakuchagua kuzaliwa ndani ya daftari wala nje yake. Nyumba ya mke wa pili nayo haikuweza kutii hata ikitaka, kwa kuwa sheria haikuwa na ukurasa wa kumwandika. Kwa watoto wa nyumba kama hiyo njia iliyobaki ni baba aende mwenyewe kuwakubali mbele ya mwandishi wa serikali, ili wawe na jina lake katika kitabu. Mwanamume anayemcha Mungu, aliyeoa akijua mzigo wake, hana udhuru wa kuliacha hilo.

LEO NA WAJIBU WETU

Sheria ya mwaka 2023 ilibadili ramani ya nchi, nayo ikaanza kutumika mwaka 2025. Mikoa 18 ikawa 5, na komini 119 zikawa 42. Gitega yetu imebaki na jina lake la mkoa na la komini. Muyinga imekuwa komini katika mkoa mpya wa Buhumuza. Komini zimekuwa kubwa, na kwa watu wa vilimani safari ya kwenda kuandikisha imekuwa ndefu. Madaftari ya komini zilizovunjwa yana majina ya baba na mama zetu. Yakihifadhiwa vizuri, nyumba zimehifadhiwa. Yakipotea katika kuhamishwa, tutarudi tulipokuwa baada ya vita.

Kwa hiyo twaomba kwa adabu serikali yetu ya mahali iyatazame mambo haya. Daftari la vizazi na ndoa lisogezwe hadi kwenye zone, na zitengwe siku za kuandikisha zinazojulikana na watu, kama zilivyo siku za soko. Ndoa za pamoja zilizofanywa mwaka 2017 zifanywe kila mwaka, bila faini na bila tishio, kwa wale wasio na uwezo. Mjane na mkimbizi aliyerudi wapokelewe kwa ushahidi wa jirani na wa sheikh aliyefungisha nikahi, ili ushahidi huo uwe njia ya kupata hukumu na hati. Na baraza la kilima, ambalo tangu sheria ya mwaka 2005 lina wajumbe watano waliochaguliwa na watu, liwe na orodha ya mayatima na wajane wake, kwani hakuna mkubwa wa mbali awezaye kuwajua kuliko wao.

Na sisi wenyewe tusikae kungoja. Kila msikiti uwe na kitabu cha nikahi kilichotunzwa, chenye tarehe, majina kamili, walii, mashahidi na mahari. Sheikh asifungishe ndoa bila kuwaeleza wawili hao njia ya komini, na asimwozeshe binti asiyetimiza umri wa sheria. Mtoto apewapo jina siku ya akika, aulizwe baba yake: je, jina hili limekwisha kufika komini? Kuandikisha kizazi ndani ya siku zilizowekwa hakuna malipo. Kuchelewa ndiko kunakoleta gharama na usumbufu. Jumuiya iwachague vijana wawili watatu wanaojua Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, wawasindikize wazee na wajane ofisini, maana wengi hurudi nyumbani kwa kuona haya mbele ya karatasi wasiyoweza kuisoma.

Wala tusidhani kuwa kuandika ni desturi ya wageni tuliyoletewa pamoja na kodi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani Tukufu, katika Suratul Baqara, ni ile inayoamrisha deni liandikwe na mwandishi mwadilifu na lishuhudiwe. Ikiwa fedha ya kukopeshana yaandikwa ili mtu asidhulumiwe, basi mwanamke aliyeacha nyumba ya wazazi wake, na watoto waliozaliwa naye, wana haki zaidi ya kuandikwa.

Wazee wetu waliliogopa daftari kwa sababu liliwajia kuchukua. Wajukuu wao wamelikuta linaweza kuwapa. Kazi iliyobaki ni kuona kwamba hakuna nyumba katika Nyamugari, wala katika Muyinga, itakayokosa ukurasa wake.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awahifadhi wajane na mayatima wetu, na awape viongozi wetu moyo wa uadilifu. Amin.